Naomba ushauri: kazi zipi niweke kwenye potifolio ya kuombea chuo?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Moshi, nimemaliza kidato cha sita, naomba chuo cha sanaa kinachotaka picha 15 za kazi zangu. Nyingi ni za penseli: kina mama wa soko la Mbuyuni, mikono yao hasa, naipenda mno kuichora. Za rangi ni chache, rangi ni ghali.

Nimezipiga picha kwa simu. Ndani karatasi inatoka ya njano, juani penseli inang'aa. Kivulini barazani ni afadhali, ila pembe zinapinda.

Je, michoro ya majaribio ya daftarini niichanganye na kazi zilizokamilika? Na picha nizipigeje zitoke zimenyooka, bila skana? Natanguliza shukrani.