Ulinganisho: pweza, kasa au nyangumi, nani anafaa kugeuzwa mdoli mwenye kazi yake?

MamaWaNjiro (Arusha)

Habarini za jioni, wadau wa kroshia. Nina pateni (maelekezo ya kufuma) tatu za wanyama wa baharini, zote za kufuma kwa mzunguko kuanzia vitanzi 6: pweza, kasa na nyangumi. Mwanangu wa mwisho anatimiza miaka 4 mwezi ujao, na sitaki kumpa mnyama wa kupamba kabati. Nataka mdoli mwenye tabia na kazi, ambaye mtoto akimshika tu anaanza kumsemesha. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kumwona pweza akiwa hai, na kwenda Tanga kuiona bahari ni safari ya siku nzima. Kwa hiyo nataka mnyama ndiye ahamie huku kwetu.

Nimeshafuma viwiliwili vitatu ili nilinganishe. Nyangumi ni mwepesi, jioni moja tu nilimmaliza. Lakini nilipomvisha kofia nikakwama, maana hana mikono ya kushika chochote. Kasa nafikiria awe mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, gamba liwe ndio mzigo. Pweza nafikiria awe muuza kahawa wa jioni, kwa sababu birika, vikombe na sahani ya kashata vinataka mikono mingi. Mngekuwa nyie mngeanza na nani? Na uzi upi?

FundiKiboriloni (Moshi)

Dada Njiro, mimi namtetea kasa. Nimeshamfuma mara tatu na kila mara watoto wamemgombania.

Pateni nyingi zinakuambia ushonee gamba mgongoni moja kwa moja. Usishone. Lifume peke yake: vitanzi 6, 12, 18, uende hivyo hivyo mpaka 42, kisha mizunguko mitatu bila kuongeza, liwe kama bakuli. Mwili uishie 36 ili gamba liukalie vizuri. Weka kamba mbili za cheni kama za begi. Sasa mtoto ana kitu cha kufanya: jioni wakifika kambini anamtua kasa mzigo, asubuhi anambebesha tena. Ndani ya gamba la mwanangu nilitia godoro la kukunja, sufuria na ndizi mbili, vyote vya uzi. Baba yake alimwambia kwamba getini mzigo wa mgumu unapimwa usizidi kilo 20, basi ikawa kila asubuhi lazima kasa apimwe kabla ya chai. Na mwendo wa pole pole anao tangu kuzaliwa.

Kitu kimoja tu: kasa si kobe. Mapezi yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, tena ni bapa. Usiyajaze pamba. Ukiyajaza unapata kobe wa shambani, na umbo lote la bahari limepotea.

MwalimuMajengo (Moshi)

Kabla hamjaendelea, naomba tuzungumzie macho. Mwaka jana niliweka yale ya plastiki yenye kibati cha kubana kwa nyuma. Kibati hakikuingia mpaka mwisho, na mimi nilikuwa nimefuma kwa kulegeza. Siku ya tatu nilimkuta mtoto wa mdogo wangu, mwaka mmoja na nusu, analizungusha jicho mdomoni. Nilimtolea kwa kidole. Mpaka leo nikikumbuka mikono inaniishia nguvu.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 usiweke kitu chochote kinachoweza kung'oka: macho ya plastiki, vifungo, shanga. Dada Njiro, wako ana miaka 4, lakini kama nyumba ina mdogo anayetambaa, hesabu umri wa huyo mdogo. Wapo pia wanaotia sumaku mikononi ili mdoli ashike vitu. Sumaku mbili zikimezwa zinavutana tumboni na kubana utumbo katikati, mtoto anaishia kwenye upasuaji. Sumaku iondoeni kabisa kwenye mawazo yenu.

Mimi sasa nadarizi. Uzi mweusi, napita mara sita au saba palepale mpaka jicho linanenepa, kisha doa moja dogo jeupe upande wa juu. Halafu nyusi. Tabia ya mdoli iko kwenye nyusi. Zikiinama kuelekea puani amekasirika, ncha za ndani zikipanda ana huzuni, moja ikiwa juu kuliko nyingine ni mjanja wa mjini. Zishikize kwanza kwa pini, umweke mdoli mezani, umtazame ukiwa mlangoni. Ukiridhika ndipo ushone.

MtangaSoweto (Moshi)

Mimi ni mtu wa Tanga, ndoa ndiyo iliyonileta Soweto. Naona hapa pweza bado hajapata wakili.

Lile furushi kubwa mnaloliita kichwa, kwa pweza ndio mwili wake. Matumbo na mioyo yake mitatu vimo humo. Macho yapo chini, karibu na mikono inapoanzia. Ukiyaweka chini hivyo kwenye mdoli unapata mambo mawili: sura inakuwa ya kitoto, na juu panabaki nafasi ya kutosha ya kofia. Muuza kahawa bila kofia simtambui. Mfumie kibaraghashia cheupe, pembeni udarizi vishimo vya uzi wa kahawia.

Birika lisiwe la chai. La kahawa ni refu, lina shingo nyembamba, na chini linakaa juu ya jiko lake dogo la makaa. Fuma kwa rangi ya shaba, halafu mizunguko miwili ya chini iwe myekundu, hayo ndiyo makaa. Na vikombe vyetu vya kahawa havina mkono, kwa hiyo msimtundikie pweza vikombe vya ofisini.

KroshiaUsaRiver (Arusha)

Dada Mtanga, hapo kwenye vikombe visivyo na mkono pana ufumbuzi mzuri. Fuma 6, kisha 12, halafu mzunguko mmoja wa kushika uzi wa nyuma tu wa kila kitanzi. Hapo ukingo unakunjika na ukuta unasimama wima. Ongeza mizunguko mitatu, kata uzi. Mkono wa pweza ukiwa bomba la vitanzi 6, ncha yake inaingia ndani ya kikombe na kukaa. Hakuna gundi, hakuna kifungo, na mtoto anaweza kuvivua na kuvigawa.

Mikono ndio mahali pa kufikiri sana. Ipo ya aina mbili. Ya koki: unafuma cheni, kisha unarudi ukiweka singo (vitanzi vifupi vya kawaida) mbili au tatu kwenye kila cheni, nayo inajikunja yenyewe. Ni ya haraka na inapendeza, ila haishiki kitu. Ya bomba inachosha, lakini ina nguvu. Kwa muuza kahawa mimi ningechanganya: mitano ya bomba kwa birika, sahani na vikombe vitatu, mitatu ya koki ibaki nyuma ikining'inia. Mwili ukipunguza mpaka vitanzi 24 hesabu inakaa yenyewe, kila mkono unapata vitanzi 3.

Urefu nao. Wafumaji wa Denmark walianza mwaka 2013 kuwafumia watoto njiti pweza wadogo. Mikono yake mtoto anaishika kama alivyokuwa akishika kamba ya kitovu tumboni. Masharti yao ni makali: uzi wa pamba tupu, uvumilie kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60, na mkono ukivutwa usizidi sentimita 22 ili usimzunguke mtoto. Wako si njiti, lakini kile kipimo cha mkono mimi nakifuata kwa kila pweza ninayemfuma. Mara nyingi mdoli analala na mtoto, na usiku hakuna anayeangalia.

Kura yangu ni pweza. Kasa wa Fundi nampenda sana, ila mchezo wake ni mmoja, kutua na kubeba. Pweza anauza, anagawa, anarudisha chenji, anaosha vikombe. Mtoto anahitaji wateja, kwa hiyo wanasesere wengine wote wa nyumba wanaingia kwenye mchezo.

FundiKiboriloni (Moshi)

Sawa, dada Usa, hapo kwenye wateja umenishinda.

Uzi. Akriliki ni laini, ina rangi nyingi, ila baada ya mwezi wa kubebwa inatoa vinyuzi na mdoli anachakaa sura. Pamba inabana vizuri kwa sindano ya milimita 2.5, tundu hazionekani, pamba ya kujazia haichungulii. Vidole vitakuuma, hilo sikufichi. Mimi nyingi naipata kwenye masweta ya mtumba hapa Kiboriloni. Ligeuze sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili zimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, fungua mshono na sweta lote litafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ukiona oloki, ule mshono wa mashine unaofunga kingo zilizokatwa, liache. Lile limekatwa kwa mkasi, utapata vipande vya urefu wa mkono tu.

Sweta jekundu au jeusi lijaribu kwanza: lowesha kipande kwa maji ya moto, ukikamulie kwenye kitambaa cheupe. Nilimharibu kasa mmoja mwenye tumbo jeupe kwa kuona uvivu wa dakika tano.

MamaWaNjiro (Arusha)

Asanteni sana, wapendwa. Nimeamua: pweza kwanza, kasa nitamfuma likizo ya Desemba. Nyangumi nimemfumua, uzi wake wa kijivu unakuwa mikono. Macho nadarizi, maana mdogo wa jirani anashinda kwetu. Nyusi nimezishikiza juu kidogo zote mbili, sura ya mtu anayekuuliza utakunywa vingapi.

Jana usiku nilimaliza vikombe viwili vya kwanza nikavisahau juu ya meza. Asubuhi mwenyewe akavikuta. Hakuuliza ni vya nani. Alivishika kimoja kila mkono, akavigonganisha kama anavyomwona yule mzee wa kahawa pale stendi. Vya uzi havilii. Akavitazama ndani, akavigonganisha tena, safari hii akatoa mlio mwenyewe kwa ulimi, ke-ke-ke, akaingia chumbani kwa baba yake kuuza.

Swali moja limebaki: wateja watakaa wapi?

MtangaSoweto (Moshi)

Mama, jibu unalo kwenye bahari ileile. Yule mnyama wa ncha tano anayelala bapa mchangani, sisi pwani tunamwita kiti cha pweza. Mfumie viti vitatu. Anza na vitanzi 5 badala ya 6, uende 10, 15, 20, 25, halafu kila ncha ichukue vitanzi 5 na upunguze mpaka imalizike. Fuma pande mbili, uziunganishe, pamba weka kidogo sana ili kikae bila kuyumba.