Chaucer aliwapenda maskini au aliwadharau?

Mpenda Vitabu: Wakuu, nimemaliza utangulizi wa Canterbury Tales, shairi la Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, wale mahujaji kama 30 hivi waliokutana nyumba ya wageni ya Tabard, Southwark karibu na London, waende Canterbury kwenye kaburi la mtakatifu Thomas Becket, wakisimuliana hadithi kwa zamu njiani. Naona Chaucer alikuwa mtu wa wakubwa. Naiti, yaani mpiganaji wa tabaka la juu, anamwagiwa sifa tu, msagaji wa unga anapewa chunjua puani na nywele nyekundu juu yake. Sawa, wasagaji ni wezi, ila ndo umchore hivyo?

Binti wa Mashineni: Wasagaji ni wezi?? Baba yangu kasaga unga miaka 22, tulikua na vumbi la pumba mpaka kwenye kope, na kila debe lilipimwa mwenye mahindi akiwa amesimama pale pale. Futa hiyo kauli.

Mpenda Vitabu: Dada samahani, nilimaanisha wa kwenye shairi, anayekata ushuru mara tatu.

Mzee wa Hoja: Enzi zile mkulima alilazimishwa kusaga kwenye kinu cha bwana mwenye ardhi, msagaji anakata sehemu ya nafaka, sasa bwana mbona hatajwi kuwa mwizi? Lakini usiseme Chaucer ni wa wakubwa, msome mtawa anayependa kuwinda, mikono ya kanzu imetiwa manyoya ya bei. Mama mkuu wa watawa mbwa wake wanakula nyama choma na maziwa! Anayesifiwa ni mkulima, ndugu yake paroko, anabeba samadi na kuwapuria maskini bure.

Mtoto wa Mkulima: Anasifiwa kwa sababu analipa zaka zote na halalamiki. Mwaka 1381 wakulima waliingia London wakidai utumwa wa ardhi ufutwe, Chaucer alikua amepanga juu ya lango la Aldgate na waasi wengine walipita lango hilo hilo. Miaka michache baadae anatuletea mkulima mpole. Mnijibu hapo.

Mzee wa Hoja: Msagaji ndo anamkatalia mwenye nyumba ya wageni, mpangaji wa zamu, kusubiri zamu yake, naiti akimaliza tu yeye anasimulia, mtawa baadae. Mtu wa chini kapewa sauti.

Binti wa Mashineni: Kapewa sauti akiwa amelewa. Mwizi, mlevi, chunjua, anavunja milango kwa kichwa, hakuna hata msagaji mmoja mwema humo. Baba alikua anafagia chini ya mashine jioni, ule unga wa mwisho anamfungia mwenye mahindi kwenye gazeti, anampelekea nyumbani.

Mpenda Vitabu: Dada nimeshaomba radhi.

Binti wa Mashineni: Umeomba mimi. Baba je?