Fundi yule ameniambia mbele ya mama lishe kwamba tatizo ni gari langu

Wakuu, naandika nikiwa bado na grisi mikononi. Fundi tunayemfahamu sote, yule ambaye kwake kila kifaa "kinaingia bila shida", leo ameniambia mbele ya vijana wake na mama lishe kwamba tatizo si gia boksi, tatizo ni gari langu.

Gari lenyewe ni Toyota Chaser JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE, iliyokuja na gia boksi ya otomatiki. Nilimwomba anitafutie gia boksi ya manyuo ya R154, ambayo ndiyo Chaser ya manyuo na Supra MA70 ya turbo zilitoka nayo, naye akaniletea R150F iliyovuliwa kwenye pikapu ya V6, akiapa kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja. Undugu siukatai, lakini ndugu wa tumbo moja hawavai viatu vya namba moja! R150F ni ya gari linalovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo nyuma imeishia pale inapofungwa transfa, ile ya kugawa nguvu mbele na nyuma, na propela yangu, chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, haina pa kuchomeka. Hilo aliligundua saa tisa alasiri, baada ya kuhangaika na chuma hicho tangu asubuhi, akiwa amebeba propela begani kama mgambo na gobole lake. Akaitazama gia boksi, akalitazama gari, kisha akatamka: "Bosi, tatizo ni gari lako." Mama lishe alicheka hadi mwiko ukamdondoka. Gari langu! Lililoingia gereji likitembea lenyewe!

#2
Pole mkuu, ingawa mimi niko upande wa mama lishe. Unalipiaje gia boksi bila kuinama kuitazama mkiani?

#3
Hata angepata R150 ya pikapu inayovuta nyuma tu, usingefurahi. Uwiano wa gia yake ya kwanza ni 3.830, wakati wa R154 ni 3.251, na namba ikiwa kubwa gia ina nguvu lakini mwendo mdogo, hivyo ungeimaliza kabla hujatoka getini. Meno yale ni ya kuondokea na shehena ya saruji.

#4
Afadhali wewe. Mimi nilimwachia gia boksi yangu ya W58 aifanyie ukarabati, akanifungia W56 ya Hilux yenye gia ya kwanza ya 3.954, eti "ina nguvu zaidi". Nguvu ninayo kweli, naweza kung'oa mwembe, ila bajaji zinanipita.

#5
Kwangu alijaza mafuta ya difu kwenye gia boksi kwa maelezo kwamba mafuta ni mafuta. Sasa gia ya pili inagoma kila asubuhi.

#6
Namba 5, yamwage leo hii, kwa sababu baadhi ya mafuta ya difu yanakula pete za shaba za gia. Mimi niliweka mafuta ya 75W-90 ya gia boksi, na gia zikalainika.

#1
Jamani, tulikuwa kwenye propela yangu.

#7
Namba 6, hiyo 75W-90 lita moja unainunua kwa bei gani?