Tamasha la vegani Dodoma: wazungumzaji waalikwa wametudharau, na mmoja wao atakuja kuua mtu

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nilisema nilale nalo lipoe, limekataa kupoa.

Wikiendi kulikuwa na tamasha la chakula cha mimea tupu hapa Dodoma mjini. Kiingilio sh 15,000, bango limeandikwa "wataalamu wabobezi kutoka ndani na nje". Mimi nyama, maziwa na mayai niliacha kitambo, na mnaoishi hivi kwenye mji huu wa nyama choma mnajua tabu yake. Ukiagiza wali maharage ukasema mchuzi wa nyama usiwekwe hata tone, mhudumu anakuuliza kama unaumwa. Kwa hiyo nilienda kwa moyo mweupe, nikamkokota na shemeji yangu ambaye kwa nyama habanduki. Leo ananicheka, na sina cha kumjibu.

Mzungumzaji wa kwanza katoka Dar. Projekta, slaidi, maiki ya kubana shavuni. Mlo wa asubuhi aliotupangia: maziwa ya lozi, mbegu za chia, kinoa, na tofu "kwa ajili ya protini". Dada mmoja wa Nkuhungu akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani kaka, hivi vitu kwa hapa tunavipata wapi?" Jibu: agizeni mtandaoni. Watu wakacheka, yeye akadhani wamefurahi.

Ndugu yangu, uko Dodoma! Shuka soko la Majengo uone choroko, kunde, dengu, njugu mawe, ufuta, karanga za kila rangi. Karanga gramu 100 zina protini kama gramu 25 hivi. Mnaacha hiyo mnatuuzia boksi la maziwa ya lozi ambalo bei yake inalisha familia kunde siku kadhaa?

Wa pili alikuwa mgeni kutoka nje, mtu mpole, simlaumu sana. Ila alitupeleka Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walivyoanzisha chama chao cha vegani, akakaa huko hukoo mpaka MC akaanza kuangalia saa. Nikawa nawaza, mbona kwa Waingereza wa miaka hiyohiyo sisi tunayo stori yetu, tena ya chakula cha mimea? Mwaka 1947 walitua Kongwa kulima karanga kwa mradi mkubwa wa serikali yao, wakaleta matrekta mengine yaliyoundwa kutoka kwenye vifaru vya vita. Kiangazi ardhi ikakaza, mvua hazikuja walivyozipanga, visiki vya mibuyu vikavunja vyuma. 1951 mradi ukafa. Wagogo waliokuwa wakiishi na ardhi ile hakuna aliyewasikiliza. Sasa nikawa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoa huohuo ilipo Kongwa, naangalia mambo yaleyale yakifanywa kwa projekta.

Kigogo pekee kilichosikika jukwaani siku nzima ni MC kupiga "Mbukwenyi!" ili watu washangilie.

Haya yote ningemeza. Wa tatu ndiye aliyenitoa kwenye kiti. Anajiita daktari wa lishe, udaktari wa wapi hakusema. Akatangaza kwamba mgonjwa wa sukari na presha akila mimea tupu wiki tatu "atupe dawa chooni". Kwa maneno hayohayo! Mstari wa mbele kulikuwa na mzee anaandika kila kitu kwenye daftari. Jamani, kula mimea kunaweza kushusha sukari, sikatai, na ndiyo sababu mtu anatakiwa kurudi kliniki apimwe, daktari wake ndiye apunguze dozi. Anayechoma insulini akiikata ghafla anaweza kufa.

Akaulizwa na binti mjamzito kuhusu vitamini B12. Akajibu kwamba udongo uliobaki kwenye mchicha unatosha. Uongo mtupu. B12 kwenye mimea huipati kwa kutegemewa, lazima umeze vidonge au ule chakula kilichoongezewa hiyo B12, na kwa mjamzito ndiyo usiseme. Mimi mwenyewe nameza, na mwenzangu yeyote aliyeacha vitokanavyo na wanyama ambaye hamezi, aanze. Udongo wa mchicha utakupa minyoo.

Na hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyetamka neno sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Unakuja kuwaambia watu wa kanda hii wategemee nafaka na karanga, halafu humwambii mama aanike juu ya turubai na si chini, achambue zilizonyauka na zenye ukungu, na kwamba kupika hakuondoi ile sumu? Sasa ulialikwa kusema nini?

Nyuma ya jukwaa, karibu na vyoo, kulikuwa na mama anauza ugali wa uwele na mlenda sahani sh 2,000. Nilimwangalia akipika. Unga wa mlenda uliokaushwa akaumwaga kidogokidogo kwenye maji yanayochemka, magadi kwa ncha ya vidole, upekecho ukazunguka mpaka ute ukapanda, ndipo karanga alizosaga mwenyewe zikaingia. Pembeni kuna juisi ya ubuyu. Nikamuuliza kwa nini ubuyu, akasema, "Mwanangu, kunde bila kitu kichachu damu haiongezeki, na chai usinywe papo hapo." Sawasawa kabisa! Ubuyu una vitamini C inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye kunde, na chai ya rangi juu ya mlo inazuia. Somo zima la lishe, kwa sentensi moja, na spika zimeelekezwa kwake zinampigia muziki masikioni. Kaniambia meza ile ameilipia. Wale watatu wamelipiwa nauli na hoteli.

Shemeji alikula sahani mbili pale. Kwenye mahema mengine hakugusa kitu.

Waandaaji najua mnapita humu. Namba mliyoweka kwenye bango inaita bila kupokewa, kwa hiyo nawaambia hapahapa. Hela yangu siitaki. Mwakani mkiita watu, yule mama apewe maiki na posho kama wengine, na muite afisa lishe wa kweli akae pembeni yake. Lakini la haraka ni lile la dawa: mtoe tangazo kwamba yule bwana alipotosha, mlitume kwenye kundi lilelile la WhatsApp mlilotuuzia tiketi, leo na si wiki ijayo.

Na kama kuna anayemfahamu yule mzee wa mstari wa mbele, alivaa balaghashia na koti la kijivu, ana daftari la kaunta, tafadhali mpigieni mumuulize kama bado anameza dawa zake.