Mafundi cherehani: tufanyeje kazi iwe na raha na jioni ibaki ya nyumbani?

Kipande cha Kitenge
Habari zenu mafundi. Nashona nguo za kike na sare za shule kwenye fremu ya mtaani, nina msaidizi mmoja. Kushona nakupenda, ila siku hizi kazi imejaa lawama. Mteja anakuja Ijumaa nguo haijaguswa, mwingine anapiga simu saa nne usiku, na nikifunga nabeba vitambaa nikamalizie nyumbani. Sitafuti wateja zaidi. Naomba kujua mnavyopanga oda, fremu na nyumba ili kazi isininyanyase.

Mkasi wa Zamani
Dada, lawama nyingi za fundi huanzia kwenye daftari, mkono hauna kosa. Anza na kuhesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inamwekea mwajiriwa saa 45 kwa wiki, zisizozidi saa 9 kwa siku wala siku 6 kwa wiki. Wewe umejiajiri, haikubani, lakini msaidizi uliyemwajiri inamhusu, na akizidisha ni ovataimu inayolipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ichukue 45 hiyohiyo iwe kipimo chako.

Toa saa 9 za kupokea wateja, kupima, kujaribisha na kurekebisha. Zinabaki 36. Sasa pima kila aina ya mshono unaoshona, tangu kukata mpaka kupiga pasi, usikadirie kichwani. Kichwa huhesabu muda wa cherehani tu na kusahau kukata, kupindia kwa mkono na kufumua. Tuseme gauni lenye bitana linakula saa 4: wiki yako ni magauni 9. Pokea 7. Nafasi mbili zinazobaki ni za umeme kukatika, zipu kufa na msaidizi kuugua, na hayo hayakosi.

Daftari liwe ukurasa mmoja kwa wiki, mistari 7. Ikijaa, wiki imefungwa, mteja anaandikwa wiki inayofuata. Kila mstari uwe na vipimo, mchoro mdogo wa mshono, kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, tarehe ya kujaribisha, tarehe ya kuchukua na pesa aliyotanguliza. Tarehe ya kuchukua iandike siku mbili baada ya ile unayotegemea kumaliza. Na usikate kitambaa kabla hujapokea angalau nusu ya malipo. Mteja ambaye hajatoa chochote hana haraka ya kuja kuchukua. Nguo yake itaning'inia, na jasho lako litaning'inia nayo.

Msimu usikushtue, unajulikana. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo daftari la sare lifungwe katikati ya Desemba. Idi kila mwaka huwahi kwa siku 10 au 11, basi ukitumia tarehe za mwaka jana utachelewa. Funga oda za Idi Ramadhani ikifika nusu, na ubandike tangazo ukutani mapema ili usibishane na mtu mlangoni.

Sindano Namba 14
Mkasi kamaliza upande wa daftari. Mimi niseme cherehani, maana usumbufu mdogomdogo ndio unaomaliza furaha ya siku nzima.

Kitenge na pamba ya kawaida, sindano namba 14. Shifoni na satini, 11. Jinzi, 16. Badilisha baada ya kama saa 8 za kushona mfululizo, hata kama haijavunjika. Sindano butu huruka mishono na kuvuta nyuzi za kitambaa, nawe unaishia kulaumu mashine.

Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, wengi hukimbilia kukaza bobini. Mara nyingi tatizo liko juu: uzi haukuingia vizuri kwenye visahani vya kukazia. Inua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, pitisha uzi upya, shusha mguu, kisha vuta. Uzi usipokuwa mzito kidogo mkononi, haujakaa, rudia.

Kila jioni fungua sehemu ya bobini, toa manyoya kwa brashi, tia tone moja moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula yasiguse kabisa! Yanaganda na mashine inakuwa nzito kwa mguu.

Kitenge kiloweke, kianike, kipige pasi kabla ya kukata. Kikipungua asilimia 3 tu, gauni la inchi 50 limepungua inchi 1 na nusu, na hiyo ni lawama isiyo na dawa. Siku ya kuloweka na kukausha iingie kwenye hesabu ya tarehe.

Mama Bobini
Mwanangu, kitambaa cha mteja kisivuke mlango wa nyumba. Kikivuka kimoja, kesho watakuja vitano. Kwenye WhatsApp Business weka saa za kazi na ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe baada ya kufunga: "Tumefunga, tutakujibu kesho asubuhi." Laini ya kazi ilale fremuni.

Dakika 15 za mwisho zisiwe za kushona. Fagia, kata kitambaa cha nguo ya kwanza ya kesho au chagua nyuzi zake, weka juu ya meza. Jikoni vivyo hivyo: maharage yalowekwe usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, yachemshwe mengi, yagawanywe kwenye vyombo na kugandishwa, jioni unaunga tu. Na punguza aina za mishono. Ukibaki na minne unayoijua sana na vielelezo vyake vya kukatia vya karatasi ngumu, unakata bila kuwaza.

Kipande cha Kitenge
Shikamoo Mama, na asanteni wote. Swali moja: mteja wa miaka mingi akija na msiba, na mistari 7 imejaa?

Mama Bobini
Marahaba. Msiba unaingia kwenye zile nafasi mbili za Mkasi, bila kumpandishia bei. Mpe kitu chepesi: sketi ya lastiki kiunoni na blauzi isiyo na kola, haina zipu wala haihitaji kujaribishwa mara mbili. Harusi ya kesho ambayo kadi yake ilitoka mwezi uliopita, hiyo siyo dharura. Na nafasi zikiwa zimeisha, mwandikie vipimo kwenye karatasi, umpeleke mwenyewe kwa fundi jirani unayemwamini mkono wake.