Notisi ya siku 21 dhidi ya kampuni yetu: tunaipingaje?

Mpiga Chapa, Kirinyaga Road

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mkurugenzi wa kampuni ndogo ya uchapishaji. Siku 9 zilizopita muuzaji wetu wa karatasi alituletea notisi rasmi ya kudai shilingi 1,860,000, akisema kwamba tusipolipa ndani ya siku 21 ataiomba Mahakama Kuu iifilisi kampuni. Katika fedha hizo, 410,000 ni salio la mzigo wa kwanza, ambalo sibishani nalo. 1,150,000 ni bei ya mzigo wa pili, uliofika ukiwa umelowa. Na 300,000 ni riba ambayo hatukuikubali popote, ila imechapishwa kwa herufi ndogo chini ya ankara zake.

Mtunza stoo wetu aliandika kwa kalamu kwenye hati ya kupokelea mzigo huo wa pili, "rimu za chini zimelowa," na dereva akatia sahihi kando ya maneno hayo. Tulipofungua rimu za katikati tulikuta kingo zimejikunja, na mashine ikawa inavuta karatasi mbili mbili hadi inakwama. Picha tulimtumia siku iyo hiyo kwa WhatsApp, akajibu "tutaongea", na hadi leo hatujaongea. Thuluthi moja tuliitumia kwa vijitabu vya bei nafuu. Iliyobaki ingali stoo. Notisi yenyewe aliachiwa askari wa langoni hapa karakana, ilhali ofisi yetu iliyosajiliwa ni kwa mhasibu wetu, Moi Avenue. Je, nina sababu za kutosha za kuipinga?

Baba Wawili

Pole sana. Mimi nililetewa karatasi kama hiyo miaka kadhaa iliyopita, nikaitia kabatini, na aliyenidai akachoka mwenyewe. Maadamu deni lina mgogoro, hana pa kukupeleka.

Wakili wa Milimani

Kwa heshima zote kwa Baba Wawili, ushauri huo ni wa hatari. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, mdai anayedai shilingi 100,000 au zaidi akiiletea kampuni dai la maandishi katika ofisi yake iliyosajiliwa, kisha siku 21 zikapita bila kampuni kulipa, kuweka dhamana au kuelewana naye kwa namna ya kuridhisha, kampuni huchukuliwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Kunyamaza ndiko kunakompa mdai silaha hiyo. Ombi la kufilisi likishatangazwa, benki na wateja hawangoji hukumu ndipo waanze kukukwepa.

Ndugu Mpiga Chapa, hoja ya kuachiwa askari ni nzuri na uitaje, lakini usiifanye nguzo ya nyumba. Kesho mdai anaweza kupeleka notisi nyingine Moi Avenue, na hesabu ya siku ikaanza upya. Isitoshe, anaweza kujaribu kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba hamlipi madeni yanapofika wakati wake.

Nguvu yako iko kwenye mzigo wa pili. Mahakama zetu zimefuata kwa muda mrefu msimamo ule wa kesi ya Uingereza ya Mann v Goldstein ya 1968, kwamba ombi la kufilisi si chombo cha kukusanyia deni linalopingwa kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Ile hati yenye mwandiko wa mtunza stoo na sahihi ya dereva ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko yaliyoandikwa leo, kwa kuwa iliandikwa kabla ya ugomvi. Ila kwa thuluthi mliyoitumia, itakuwa vigumu kudai kwamba mliikataa. Hapo mnadai kupunguziwa bei kwa sababu ya ubovu. Simu iliyotuma zile picha itunzwe bila kufutwa kitu, kwani ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti maalumu mahakamani.

Mhasibu Mstaafu

Nimemaliza miaka mingi nikilinganisha vitabu vya wadai na wadaiwa, na jicho langu limetua kwenye zile 410,000. Umekiri mwenyewe kwamba unadaiwa, nazo zimeshapita kiwango cha 100,000. Ukishinda hoja zote za unyevu na riba, bado atasimama mbele ya jaji na kusema, "hata hilo analolikubali hajalilipa."

Wakili wa Milimani

Mzee amegusa penyewe. Lipeni 410,000 kabla ya siku ya 21, kwa benki, na maelezo ya malipo yataje nambari ya ankara ya mzigo wa kwanza, ili asije akazihesabu kwenye mzigo wa pili na kudai kwamba mmeukubali.

Mpiga Chapa, Kirinyaga Road

Nawashukuru. Fedha zilizopo ni 250,000. Zilizosalia nazitarajia kutoka kwa mteja mwishoni mwa wiki ijayo, ambayo kwa hesabu yangu ni siku ya 18. Barua ya kupinga niiandike sasa au ningoje nilipe kwanza? Na je, niiandike juu yake "bila kuathiri haki", kama nilivyoona kwenye barua za mawakili?

Wakili wa Milimani

Iandike leo, na ulipe 250,000 leo. Maneno hayo huzuia barua ya mapatano isitumiwe kama ushahidi mahakamani. Barua ya kupinga isiwe nayo, kwa sababu ndiyo utakayotaka jaji aisome; maneno hayo yaweke kwenye barua ya pili, tofauti kabisa, kama utapendekeza kumalizana naye kwa kiasi fulani cha mzigo wa pili. Katika ile ya kwanza taja tarehe ya hati, maneno yaliyoandikwa na riba mnayoikana, kisha mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba ameiondoa notisi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Asipojibu kufikia siku ya 15, wakili wako awe na ombi na hati ya kiapo tayari kupelekwa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara na Kodi, kuomba notisi itenguliwe au mdai azuiwe kuwasilisha ombi la kufilisi. Siku hizo zihesabu tangu askari alipoipokea, hata kama tutabisha kwamba haikupelekwa mahali pake.

Mpiga Chapa, Kirinyaga Road

Kitabu cha langoni kinaonyesha kwamba askari aliipokea siku moja kabla ya kunikabidhi. Kwa hiyo leo ni siku ya 10, si ya 9. Naenda benki.