Kikundi cha familia, Kirumba, Mwanza: tumwombee vipi Ima wetu mwenye usonji (autism)

*Jumapili*

Mama Ima: Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Ima amekula, amelala, hana hata mchubuko. Asanteni wote mlioacha shughuli zenu jana mkazunguka kumtafuta. Vijana wa mwaloni, pale soko la samaki ufukweni, ndio waliomwona, alikuwa nyuma ya mitumbwi, maji yamemfika magotini, anayapiga kwa viganja.

Paulo: Milele amina. Mungu atukuzwe.

Bibi: [ujumbe wa sauti 0:52]

Neema: Kwa wenye bando dogo: Bibi anasema wabeja sana, yaani asanteni sana wote. Hakupata usingizi mpaka leo asubuhi Ima alipokuja mwenyewe kumshika mkono.

Mjomba Masanja: Poleni sana wajomba. Alitokaje?

Baba Ima: Shikamoo mjomba. Aliyetuletea maji aliacha geti wazi. Mama yake alikuwa jikoni anasonga ugali, kugeuka mtoto hayupo.

Mama Kulwa: Bwana asifiwe. Nimeumia sana. Lakini ndugu zangu tuseme ukweli, huyu mtoto anaitwa na maji. Haitiki jina lake, hamtazami mtu usoni, haogopi ziwa. Huku Busisi wiki ijayo kuna mkesha wa ukombozi, siku tatu, na mtumishi anatoka mbali. Nimeshaandikisha jina la Ima. Mje naye Ijumaa, siku hizi daraja lipo, hamsubiri tena kivuko. Masharti ni kufunga, na dawa zote ziwekwe pembeni kwa siku hizo ili imani isichanganyike na kitu kingine.

Mjomba Masanja: Amina.

Neema: Shikamoo dada. Hilo la dawa hapana. Anazokunywa Ima si za usonji, usonji hauna kidonge cha kuuondoa. Ni za kifafa, maana watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia. Dawa ya kifafa ukiikatisha ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikome, na hilo linaua. Nayaona kazini. Ijumaa usiku, uwanjani, mbali na hospitali, nani atamshika?

Mama Kulwa: Marahaba. Kwa hiyo mdogo wangu unasema Mungu hawezi?

Neema: Anaweza dada. Na dawa ni yake pia. Kila saa 2 usiku mama yake anampa kidonge, anamwekea msalaba kwenye paji la uso. Kwangu hayo ni maombi kamili.

Mjomba Masanja: Mimi niulize nijue. Huku Magu wapo wanaosema ni chanjo ndizo zinaleta haya mambo.

Neema: Si chanjo mjomba. Maneno hayo yalishika kasi kwa makala ya daktari mmoja wa Uingereza, mwaka 1998. Ilipochunguzwa ikaonekana ni udanganyifu, jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Usonji ni ubongo unaokua kwa namna yake tangu mtoto yuko tumboni, na sehemu kubwa ni ya kurithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127. Kanisa likijaa Jumapili, ujue wamo.

Mjomba Masanja: Nimekuelewa.

Mama Ima: Wifi Mama Kulwa, najua unampenda Ima. Nilipojifungua wewe ndiye uliyekuja kunikanda. Niache niseme yaliyo moyoni, nisamehe nikirefusha.

Alipofika miaka mitatu bila neno, hakuna ombi ambalo sikuliomba. Nilifunga. Niliweka nadhiri. Nilimpeleka akawekewa mikono na watu ambao hata jina lake hawakuuliza. Mmoja alimbana kichwa mbele ya spika, Ima akalia mpaka akatapika, watu wakashangilia kwamba pepo anatoka. Hakukuwa na pepo. Sauti ile kwake inaunguza kama maji ya moto. Alipoachiwa alikuja akajifunika na kitenge changu, anatetemeka, na waliomshangilia wameshahamia kwa mgonjwa mwingine. Yesu ninayemsoma mimi aliwakumbatia watoto. Sijasoma mahali alipombana mmoja kichwa.

Na kila nilipopita niliulizwa, ulikosea nini? Ni swali lilelile wanafunzi walilomuuliza Yesu kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, Yohana 9: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akawajibu si huyu wala wazazi wake. Nimesimama hapo, na sitoki.

Sasa hivi nikipiga magoti simwombi Mungu anibadilishie mtoto. Namwomba Ima aweze kutuonyesha ni wapi panauma, maana tumbo likimkamata hulia tu na sisi tunabahatisha. Namwomba usingizi. Namwomba hela ya mazoezi ya kuongea isikatike. Namwomba nisife kabla hajaweza kufunga vifungo vyake mwenyewe, na nikifa kabla, awepo mtu wa kumfungia bila kumpiga.

Bibi: [ujumbe wa sauti 0:19]

Neema: Bibi analia jamani. Anasema hilo la mwisho na yeye analiomba kila usiku, hakuwahi kumwambia mtu.

Mama Ima: Mama, asante. Na wanaodhani Ima hasali, njooni jioni tukiwa kwenye rozari. Anakaa kwenye mkeka karibu na Bibi, anashika ya kwake, ile ya mbao. Anasogeza punje moja kwa kila Salamu Maria, hatangulii wala habaki nyuma. Kwenye punje kubwa anasimama, anasubiri Baba Yetu. Juzi tulichoka tukataka kuishia fungu la tatu. Alinishika kidevu akanigeuza uso urudi kwenye rozari yangu. Tukamaliza yote matano.

Paulo: Shemeji umenigusa. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ima hatamki, basi yuko ndani ya mstari huo kabla yetu. Na Musa alipolalamika kwamba si msemaji, Mungu alimuuliza ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu. Hakumkataa, alimpa Haruni amsaidie kusema. Mimi naona Ima anatudai akina Haruni.

Baba Ima: Amina mdogo wangu. Dada, Ijumaa hatutakuja. Tafadhali usilichukulie vibaya.

*Jumatatu*

Mama Kulwa: Nimeyasoma yote. Jina la Ima nimelitoa kwenye orodha. Kufunga nitafunga, hilo hamnizuii, na nitaliombea hilo la tumbo. Niandikieni na mengine moja moja nijue ninachoomba. Ila maji bado yananitisha, siwafichi.

Mama Ima: Wifi, wabeja sana. Maji yananitisha na mimi.

Neema: Yanatakiwa kututisha wote. Watoto wenye usonji wengi wana tabia ya kutoroka, na wengi wanapenda maji, yanavyong'aa na yanavyogusa ngozi. Hiyo ndiyo inayomwita, dada, si roho ya ziwani. Kuzama ni moja ya sababu kubwa zinazowaua. Kwa hiyo Ima akipotea tena, msianzie barabarani wala kwa majirani. Mtu wa kwanza akimbilie mwaloni. Ukimkuta usipige kelele na usimkimbize, ataingia ndani zaidi. Mfikie taratibu, mpe mkono.

Baba Ima: Vijana wa mwaloni nimewatumia picha yake. Mmoja amejitolea kumfundisha kuogelea, asubuhi na mapema kabla ya soko kuchangamka. Nitakuwa naye majini.

Paulo: Na mimi nina la parokiani. Nimeongea na Paroko. Ima aje misa ya kwanza, haina kwaya kubwa wala ngoma. Benchi la mwisho upande wa mlango mdogo litakuwa lenu, akitaka kutoka anatoka, akirudi anarudi, mlinzi wa mlango hatamuuliza mtu. Spika ya upande ule itazimwa. Zile kadi zake za picha, za kikombe, choo na uji, nimemchorea nyingine tatu: kukaa, kupiga magoti, amani.

Mama Ima: Na komunyo ya kwanza shemeji? Wenzake wa rika lake wameshaanza mafundisho. Sikuwahi kuthubutu kuuliza.

Paulo: Nimeuliza mimi. Paroko amesema halazimiki kujibu katekisimu kwa mdomo. Akionyesha kwa namna yake kwamba anautofautisha Mwili wa Kristu na mkate wa mezani, inatosha. Nitamfundisha mimi mwenyewe, hapo kwenu, kwenye mkeka wa Bibi. Papa Fransisko aliwapokea watoto wenye usonji na wazazi wao Vatikani, Novemba 2014, akahimiza wasiachwe peke yao. Sioni kwa nini Kirumba tushindwe.

Mama Ima: Sina la kusema. Ngoja nikamwambie mama.

Bibi: [ujumbe wa sauti 0:07]

Neema: Vigelegele tu 😭

Mama Kulwa: Shati la komunyo niachieni mimi. La vifungo vikubwa, ajizoeze kuvifunga.

Mjomba Masanja: Mimi mambo ya kanisani nawaachia Paulo na Bibi. Ila hilo geti siliachi. Jumamosi nakuja na mashine, nachomelea komeo la juu asikofika, na springi ili hata mtu akisahau lijifunge lenyewe. Baba Ima nipimie upana.

Baba Ima: Mita 1 na robo mjomba. Bawaba ya chini imeoza pia.

Mjomba Masanja: Nitakuja na bawaba mbili.